Maonyesho ya Msanii Mmoja

Onyesho la msanii mmoja ni lile ambalo kuta zote za ukumbi zimeachiwa mchoraji mmoja au mpiga picha mmoja, bila kazi zake kuchanganywa na za wenzake. Katika maonyesho ya pamoja kila msanii huleta picha moja au mbili, na kwa kawaida huleta zile anazoziamini kuliko zote. Mtazamaji hupita, hupenda, huendelea. Lakini msanii akikabidhiwa ukumbi peke yake hana pa kujificha. Picha 20 au 40 zikikaa pamoja zinasema anachokijua, anachokirudiarudia, anachokikwepa, na mahali mkono wake ulipochoka. Kwa hiyo, msimu wa maonyesho unapofika na nafasi ya mtu ni ndogo, onyesho la msanii mmoja linastahili kutangulizwa mbele ya lile la watu thelathini.

Utaratibu huu si wa zamani sana. Huko Ulaya, picha zilikuwa zikionyeshwa kwa mamia mara moja, katika maonyesho makubwa yaliyosimamiwa na vyuo vya kifalme vya sanaa. Zilibanwa ukutani kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, na jopo la wakubwa ndilo lililoamua ipi iingie na ipi irudi nyumbani. Onyesho la mtu mmoja lilianza kama dawa ya waliokataliwa. Mwaka 1775 mchoraji Nathaniel Hone, baada ya picha yake moja kukataliwa na chuo cha kifalme cha London, alikodi chumba akaonyesha kazi zake mwenyewe. Mwaka 1809 William Blake, mchoraji na mshairi, alitundika picha 16 katika nyumba ya kaka yake aliyekuwa na duka la soksi mjini humohumo. Watu waliofika walikuwa wachache mno, na gazeti moja lililoandika habari zake lilimwita mwendawazimu.

Aliyeupa utaratibu huu nguvu ni Mfaransa Gustave Courbet. Mwaka 1855 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya dunia, na jopo likakubali baadhi ya picha za Courbet lakini likakataa zile mbili kubwa alizozithamini zaidi: ile ya mazishi ya kijijini kwao Ornans, na ile ya karakana yake, yenye upana wa karibu mita sita. Courbet hakunung'unika pembeni. Alijenga banda lake karibu kabisa na jengo la maonyesho, akatundika humo kazi kama 40, na akatoza kiingilio. Umati alioutarajia haukuja. Hata hivyo Eugène Delacroix, mchoraji aliyekuwa na heshima kubwa wakati huo, aliingia na kukaa humo peke yake karibu saa nzima, kisha akaandika katika shajara yake kwamba jopo lilikuwa limekataa kazi kubwa ajabu. Saa hiyo moja ya mtazamaji mmoja ndiyo inayoonyesha vizuri faida ya jambo lenyewe: Delacroix hakuona picha moja tu, aliona namna nzima ya kufikiri.

Mfano wa wazi zaidi ulitokea mwaka 1891, katika ukumbi wa mfanyabiashara wa sanaa Paul Durand-Ruel huko Paris. Claude Monet alionyesha picha 15 za marundo ya nafaka yaliyosimama katika shamba la jirani yake, kijijini Giverny. Rundo lilikuwa lilelile au mawili. Kilichobadilika ni saa na majira. Asubuhi yenye ukungu, jua la kuzama, theluji, barafu inayoanza kuyeyuka. Mtu aliyeona moja tu kati ya hizo angesema ameona picha ya majani makavu. Aliyeziona zote 15 chumba kimoja alielewa kwamba mchoraji hakuwa anachora majani hata kidogo; alikuwa anachora mwanga na muda unavyopita. Maana hiyo haikuwemo ndani ya picha yoyote peke yake. Ilikuwa kati ya picha na picha, katika hatua anazopiga mtazamaji kutoka fremu moja hadi nyingine.

Picha za kamera zilichelewa kupata heshima hiyo. Kwa muda mrefu kamera ilidhaniwa kuwa mashine tu, na mpiga picha kuwa fundi wa kuiendesha. Alfred Stieglitz alipofungua ukumbi wake mdogo New York mwaka 1905, katika barabara ya Fifth Avenue namba 291, aliweka picha za kamera na picha za kuchora chini ya paa moja ili watu wazizoee kuziona zikiwa sawa. Mwaka 1938 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilimpa mpiga picha mmoja, Walker Evans, onyesho lake mwenyewe, la picha 100. Mwaka 1976 jumba hilohilo lilimwonyesha William Eggleston, aliyepiga picha za rangi za vitu vya kawaida vya kusini mwa Marekani: taa ya dari, baiskeli ya mtoto, chakula mezani. Wahakiki wengi walikasirika, kwa kuwa rangi ilihesabiwa kuwa kitu cha matangazo ya biashara. Leo ni vigumu kumpata mtu anayebisha kwamba rangi ni sehemu halali ya sanaa hiyo.

Kwa Afrika, hakuna kisa kinachoonyesha uzito wa onyesho la mtu mmoja kama cha Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Keïta alizaliwa mnamo 1921. Hakusomea picha chuoni. Alijifunza useremala kwanza. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak akampa, na kijana akaanza kupiga picha za ndugu na jamaa. Mwaka 1948 alifungua studio yake mwenyewe, mahali pazuri kwa biashara, si mbali na stesheni ya reli. Abiria walioshuka na watu wa mjini waliokuwa na senti kidogo walifika hapo kupigwa picha za kutuma kwa wachumba, wazazi na marafiki.

Alifanya kazi uani, kwa mwanga wa jua, na kamera kubwa iliyotoa negativu za sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, basi kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Kila kitu kilipaswa kuwa sawa kabla ya kubofya: bega limegeuzwa kidogo, uso umeelekezwa kwenye nuru, vidole vimetandazwa ili pete ionekane. Alikuwa na vifaa vya kuazimisha: saa za mkono, kalamu, redio, pikipiki ya vespa, suti za Kizungu. Gari lake mwenyewe, Peugeot 203, linaonekana katika baadhi ya picha. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa chenye maua au mistari, na cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitandani lenye matamvua. Alibadilisha kitambaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na baadaye, alipoulizwa picha fulani ni ya mwaka gani, alitazama kitambaa kilicho nyuma akajibu.

Muda mfupi baada ya uhuru wa Mali wa mwaka 1960, serikali ilimchukua awe mpiga picha wake, na studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977. Negativu zake, maelfu, zilibaki masandukuni. Mwaka 1991 picha zake chache zilionekana New York katika onyesho la pamoja la sanaa ya Afrika, na chini yake pakaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Mtu huyo alikuwa hai, yuko Bamako, na mjini kila mwenye umri mkubwa alimjua kwa jina. Mfaransa mmoja, André Magnin, aliziona picha hizo, akasafiri hadi Mali kumtafuta aliyezipiga, na akampata. Mwaka 1994 wakfu wa Cartier wa Paris ulimfanyia Keïta onyesho lake peke yake. Kati ya 1991 na 1994 hakuna picha iliyobadilika. Kilichobadilika ni kwamba picha zilitundikwa pamoja, na jina la mwenyewe likawa mlangoni.

Mtazamaji anayeziona picha za Keïta zikiwa nyingi hugundua jambo ambalo picha moja haimwambii. Maua ya gauni la mwanamke yanaingia ndani ya maua ya kitambaa cha nyuma, mpaka mwili unakaribia kupotea na uso peke yake unabaki ukiwa umetulia. Katika picha moja hilo lingeweza kuwa bahati. Likirudi mara ya tano, ya kumi, inakuwa wazi kwamba huyu ni mtu aliyekuwa akipanga ruwaza kwa makusudi, kwa jicho kali, huku foleni ya wateja ikimngoja nje.

Lipo pia swali ambalo wapenzi wa picha hawapaswi kulikwepa. Wateja wa Keïta walichukua nyumbani picha ndogo, yenye ukubwa wa kiganja, ya kuwekwa kwenye bahasha au fremu ya sebuleni. Picha zinazotundikwa leo katika majumba ya sanaa mara nyingi zimekuzwa kupita urefu wa mita moja, na weusi wake umekolezwa. Kuna uzuri katika ukubwa huo, kwa sababu mshono wa nguo na mng'ao wa ngozi vinaonekana. Lakini ile ndogo ndiyo iliyoguswa na mtu aliyelipia. Onyesho zuri huziweka zote mbili, kubwa ukutani na ndogo ndani ya kabati la kioo, na kumwachia mtazamaji alinganishe. Linaloficha ndogo linamnyima nusu ya habari. Baada ya Keïta kufariki mwaka 2001 ulizuka pia mgogoro kuhusu nani ana haki ya kuchapisha negativu zake, na mgogoro huo unaonyesha kwamba picha ya kamera, tofauti na ya kuchora, haina nakala moja ya asili inayomaliza ubishi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na akina Keïta wake. Lamu ilikuwa na studio ya Bakor, ambako Omar Said Bakor aliunganisha vipande vya picha kwa mkono hata mtu akaonekana ametokeza ndani ya maua. Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh, iliyofunguliwa miaka ya 1940, ambako watu wa dini na makabila yote walijipanga mbele ya kamera wakiwa wamevaa vizuri kuliko siku nyingine yoyote. Kazi za studio kama hizi zimeanza kuingia katika majumba ya sanaa ya nje na katika vitabu vya wataalamu, lakini nyingi bado zimo ndani ya albamu za familia, na ni haki kusema kwamba mahali pake pa kwanza pa kuonyeshwa pangekuwa Mombasa na Lamu kwenyewe.

Unguja, katika Mji Mkongwe, Capital Art Studio inatoa kitu kinachokaribia onyesho la kudumu la familia moja. Ilianzishwa karibu na mwaka 1930 na Ranchhod Oza, mpiga picha wa asili ya Kihindi aliyepata hata kazi za ikulu ya sultani, na mwanawe aliiendeleza baada yake. Ni duka dogo mtaa wa Shangani. Kuta zake zimejaa picha nyeusi na nyeupe: majahazi yakiwa yamepumzika wakati wa kupwa, milango ya nakshi, gwaride la sultani, wanawake wenye mabuibui wakikata kona ya uchochoro. Hakuna maelezo marefu ukutani wala kiingilio cha jumba la makumbusho. Anayeingia kununua picha ya ukumbusho akitulia robo saa anaweza kuuona mji huohuo alioukanyaga sasa hivi ukiwa umerudi nyuma miaka 60 au 70, na ataona jinsi jicho moja lilivyopenda pembe zilezile, hasa barabara zinazopinda kabla hazijaishia.

Kwa upande wa picha za kuchora, Nairobi ndiyo yenye historia ndefu zaidi ya kumbi katika ukanda huu. Paa ya Paa ilianzishwa mwaka 1965, na Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanganyika na kusomea Makerere, akawa nguzo yake. Gallery Watatu ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980, chini ya Ruth Schaffner, iliwafungulia milango wachoraji wengi ambao hawakuwa wamesoma chuo chochote. Nje ya kanda, jina la mchoraji Sam Ntiro wa Machame, Tanganyika, lilikuwa limekwisha kutangulia: mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilinunua picha yake ya 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku.

Kati ya wachoraji waliotoka mikononi mwa Gallery Watatu yumo Sane Wadu, aliyezaliwa 1954. Alikuwa mwalimu wa shule. Alipoacha kazi yenye mshahara ili achore, watu wa kwao walisema amerukwa na akili, naye akajipa jina Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu. Tangu hapo jina hilo ndilo linalosainiwa kwenye turubai. Rangi yake ni nzito, imelundikwa na kukwanguliwa. Wanyama na watu hukaa karibu sana, na mchoraji mwenyewe hujitokeza humo mara kwa mara. Kwa miaka mingi mtu aliweza kuona picha yake moja hapa, nyingine pale, kwenye nyumba za wanunuzi na ofisi za mashirika. Mwaka 2022 taasisi mpya ya sanaa ya kisasa ya Nairobi, inayojulikana kwa kifupi NCAI, ilipofungua ukumbi wake wa maonyesho, haikuanza na majina ya nje wala na kundi la vijana. Ilianza na Wadu, kwa onyesho lililokusanya kazi zake za miongo kadhaa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Mchoraji aliyeonekana vipandevipande kwa miaka karibu 40 alionekana mzima, na vijana waliozaliwa baada ya picha za kwanza kuchorwa waliona kwamba Nairobi ina wazee wake wa kazi hii.

Mwanzilishi wa taasisi hiyo ni Michael Armitage, naye mchoraji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusomea London. Onyesho lake lililoitwa Paradise Edict lilifunguliwa Munich, Ujerumani, mwaka 2020, na mwaka uliofuata likahamia chuo cha kifalme cha sanaa cha London, taasisi ileile iliyomkataa Hone mwaka 1775. Armitage hachori kwenye turubai ya pamba au kitani. Anatumia lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho Waganda wamekitengeneza kwa karne nyingi. Gome huchunwa, huloweshwa, na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linalainika na kupanuka. Kitambaa hicho huvaliwa katika sherehe na huviringishiwa wafu. UNESCO imekiorodhesha katika urithi wa binadamu.

Kwa karibu, lubugo haifichiki. Ina matundu mahali tawi lilipokuwa, ina mishono ya mkono mahali gome lilipopasuka na kuzibwa, ina makunyanzi ambayo rangi ya mafuta haiyafuti. Armitage haizibi dosari hizo. Tundu linaweza kuangukia kwenye uso wa mtu au katikati ya anga, na picha hulazimika kulizunguka. Mwaka 2017 alifuatana na wafanyakazi wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani jijini Nairobi wakati wa uchaguzi, na kutokana na siku hiyo akachora mfululizo wa picha kubwa: watu wamepanda mitini, mabango, vyura, nyani, mwizi wa kuku anayekimbia. Mtu akiona moja tu anaweza kudhani ni mzaha wa kisiasa. Zikiwa pamoja, mpangilio wa miili unarudisha kumbukumbu ya wachoraji wa zamani wa Ulaya kama Goya, rangi zinabaki za Afrika Mashariki, na hofu inayopita katikati ya shangwe inaonekana kuwa ndiyo habari yenyewe.

Jambo moja la onyesho la London linastahili kukumbukwa na kila anayeandaa maonyesho. Ndani ya onyesho lake mwenyewe Armitage alitenga chumba kwa ajili ya wachoraji waliomtangulia Afrika Mashariki: Elimo Njau, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Jak Katarikawe, Meek Gichugu na Sane Wadu. Katarikawe, aliyetoka Kigezi nchini Uganda, aliwahi kuwa dereva kabla ya kuwa mchoraji wa ng'ombe na ndoto. Kwa kawaida chumba cha namna hiyo huharibu onyesho la mtu mmoja. Hapa kililiimarisha, kwa sababu mtazamaji aliyetoka katika chumba hicho alirudi kwa picha za Armitage akijua zimetoka wapi.

Kwa upande wa Tanzania, Sungi Mlengeya, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, alikuwa mfanyakazi wa benki kabla ya kuacha kazi mwaka 2018 na kujitolea kuchora muda wote. Huchora wanawake kwa rangi za akriliki, ngozi zao zikiwa za kahawia iliyokolea, juu ya turubai iliyoachwa nyeupe. Nguo nazo mara nyingi ni nyeupe, kwa hiyo hazichorwi. Jicho huzikamilisha lenyewe kutokana na mahali shingo, mkono na mguu vinapoishia. Picha moja ya namna hii inavutia mara moja, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mbinu inayovutia haraka inaweza kuzoeleka haraka. Katika onyesho zima mtazamaji hupima kama weupe ule ni nafasi ya kupumua au ni mazoea tu. Kwa Mlengeya weupe unafanya kazi: katika picha moja unakuwa kitambaa, katika nyingine unakuwa umbali kati ya wanawake wawili.

Anayetaka kuona maonyesho ya aina hii bila kupanda ndege anazo sehemu za kuanzia. Nairobi na viungani mwake kuna NCAI yenyewe, Circle Art Gallery, One Off na Red Hill, pamoja na kumbi za Alliance Française na Goethe-Institut katikati ya jiji. Kampala kuna Afriart, iliyoanzishwa na Daudi Karungi mwaka 2002, ukumbi uliomlea Mlengeya. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space huko Mikocheni, ambako karakana za wasanii ziko hatua chache kutoka ukumbi wa maonyesho, na mgeni anaweza kuona picha iliyokamilika ukutani na kisha ile inayochorwa bado. Kumbi za biashara kwa kawaida hazitozi kiingilio, na asiyenunua hana sababu ya kuona haya kuingia.

Mengi ya yaliyomo ukumbini yana sababu zake. Picha hutundikwa kwa kawaida katikati yake ikiwa kwenye urefu wa sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu mzima. Chumba cha picha za kamera au za karatasi mara nyingi huwa na mwanga hafifu, kwa sababu mwanga mkali hufifiza karatasi na wino; majumba ya makumbusho huziweka karibu na kiwango cha luksi 50, wakati rangi za mafuta huvumilia mara tatu au nne ya hapo. Kibandiko chekundu pembeni ya picha maana yake imeuzwa. Kwenye picha za kamera, namba kama 3/10 humaanisha kwamba nakala zimewekewa kikomo cha kumi na hiyo ni ya tatu, na msanii mwaminifu hachapishi ya kumi na moja. Bei ikishaonekana, ni vizuri kujua pia kwamba katika kumbi nyingi mwenye ukumbi huchukua karibu nusu yake, kwa ajili ya kodi, taa, matangazo na kazi ya kutafuta wanunuzi.

Usiku wa ufunguzi si wakati mzuri wa kutazama. Watu ni wengi, vinywaji vinapita, na migongo huziba picha. Kwa anayetaka kuona, siku ya kazi mchana ni bora, na siku ya mazungumzo na msanii ni bora zaidi, kwa kuwa maswali mazuri huulizwa mbele ya kazi yenyewe. Inafaa kuzunguka mara mbili. Mara ya kwanza bila kusoma vibandiko, kwa mwendo wa kawaida, ili ionekane ni picha zipi zinasimamisha miguu. Mara ya pili kwa kusoma: jina, mwaka, vifaa, vipimo. Mwaka una habari nyingi kuliko jina. Picha zikiwa zote za miezi minane iliyopita, onyesho ni la mfululizo mmoja, nalo lipimwe kwa uthabiti wake. Zikiwa za miaka 30, swali ni jingine: nini kilibadilika, na lini, na kama picha za mwisho zina nguvu ya zile za mwanzo au zinaziigiza.

Maandishi ya ukutani yasomwe mwisho. Baadhi huandikwa kwa lugha nzito inayojaribu kuipa picha uzito ambao haina, na msomaji akianza nayo huona alichoambiwa badala ya kilichopo. Yaliyoandikwa vizuri ni mafupi, hutaja mahali, mwaka na namna kazi ilivyofanyika, kisha hunyamaza. Mtoto akipelekwa, aachwe achague picha moja ya kukaa nayo. Kumburuta mbele ya zote 40 ni kumchosha.

Onyesho katika ukumbi wa biashara hukaa takriban mwezi mmoja. La jumba kubwa huweza kukaa miezi mitatu au minne. Likifungwa, picha zilizouzwa huenda majumbani kwa wanunuzi, pengine nchi tofauti, na zilizobaki hurudi karakanani. Kuzikusanya tena huhitaji barua, bima, makasha na fedha nyingi, na ndiyo maana onyesho la Wadu lilichukua miongo kutokea. Katalogi ikichapishwa huhifadhi mpangilio na tarehe, japo haihifadhi ukubwa wala unene wa rangi. Anayetaka kwenda athibitishe tarehe ya kufunga na siku za wiki ambazo ukumbi uko wazi, kwa kuwa kumbi nyingi hazifunguliwi siku zote saba, kisha aende mapema katika mwezi huo, ili abaki na nafasi ya kurudi mara ya pili kabla picha hazijateremshwa.